Viungo vinapocheza bila ya ridhaa ya mwenyewe: Si kila mtikisiko ni jini

JICHO likicheza, watu wa Pwani wana tafsiri zake. Huyu atakwambia utapata mgeni, yule atakwambia utalia, na wapo wanaotofautisha baina ya jicho la kulia na la kushoto. Hayo ya kope kwa kawaida hayana madhara. Mtu amekesha, amekunywa kahawa nyingi au ana mawazo, na baada ya siku kadhaa kope inatulia yenyewe. Tatizo linaanza pale ubahatishaji huo huo unapohamishwa kutoka kwenye kope kwenda kwenye shingo iliyopinda ghafla, mkono wa mzee usiotulia, au mtoto anayekunja uso darasani bila ya kujijua. Hapo kubahatisha kunagharimu, na mara nyingine gharama yake ni uhai wa mtu.

Ndugu msomaji, mwili kucheza, kutetemeka, kujikunja au kurukaruka bila ya mwenyewe kutaka si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Na kama ambavyo huwezi kuitibu homa bila ya kujua imeletwa na malaria, kidonda au nimonia, ndivyo ambavyo huwezi kumtibu anayetetemeka kwa kujua tu kwamba anatetemeka.

Watu wengi wanadhani kazi ya ubongo ni kutoa amri: nyanyua mkono, piga hatua, geuka. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzuia. Ndani kabisa ya ubongo yapo mafungu ya chembe hai ambayo kazi yake inafanana na klachi na breki za gari: yanaruhusu mjongeo unaotakiwa upite na kuuzuia usiotakiwa. Mafungu hayo hutegemea kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa ni ile inayoitwa dopamini. Ikipungua, mtu huwa mzito, mkakamavu na mwenye kutetemeka. Mizani ikielemea upande wa pili, viungo vinacheza ovyo. Kwa hiyo kitu chochote kinachoweza kuvuruga breki hizo, iwe dawa, sumu, kijidudu, uzee, kurithi au kuumia kichwa, kinaweza kuleta mjongeo usio wa hiari.

Shingo iliyopinda baada ya dawa ya kutapika

Tuanze na tukio linalotisha kuliko mengine yote, na ambalo tiba yake ni rahisi kuliko zote. Binti wa miaka 17 anatapika. Anapewa dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Anarudi nyumbani. Usiku, au kesho yake, macho yanapanda juu na kuganda huko, shingo inajipinda upande mmoja, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Anawasikia watu wote na fahamu anazo, ila hawezi kusema vizuri kwa sababu mdomo haumtii. Sasa niambie, katika nyumba zetu kumi, ni ngapi ambazo neno la kwanza kutamkwa si "jini"?

Hilo si jini. Ni dawa imezuia kazi ya dopamini kwenye ubongo, na misuli ikajikaza. Watoto na vijana ndio wanaopatwa zaidi. Hali hiyo hiyo huletwa na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini, hasa katika siku chache za mwanzo au dozi inapopandishwa. Katika kituo cha afya chenye mtu anayeijua hali hii, sindano moja ya dawa inayorudisha mizani, kama vile promethazini au dawa za jamii ya benzhekso, humrudisha mgonjwa katika hali yake ndani ya muda mfupi, mara nyingi hata saa moja haifiki. Lakini kwa wenzetu wengine usiku huo unapita kwa mafusho, kufungwa kamba na makofi ya "kumtoa" huyo aliyepanda. Asubuhi, dawa ikiwa imepungua mwilini yenyewe, shingo inanyooka, na mganga anakusanya fedha yake na sifa juu. Hivi ndivyo sifa za baadhi ya waganga zinavyojengwa: kwa kusubiri.

Kutokana na matatizo haya, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba metoklopramaidi isitumike zaidi ya siku tano, na isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Hapa kwetu inauzwa kama pipi. Ukiandikiwa, ulizia siku za kuitumia, na usimpe mwanao kwa kuwa tu ilibaki kabatini.

Ipo sura ya pili ya madhara ya dawa hizi, nayo haina haraka. Mtu aliyetumia dawa za ugonjwa wa akili kwa miezi au miaka huanza kutafuna bila ya chakula, kulamba midomo, kutoa ulimi na kuurudisha, kuchezesha vidole. Jamaa humcheka wakisema wazimu umemzidi, kumbe hiyo ni dawa, na wazimu wenyewe pengine umeshatulia. Hapa lazima tuseme kwa nguvu: asiiache dawa hiyo ghafla kwa uamuzi wake wala wa jamaa zake. Akiiacha ghafla, mitikisiko inaweza kuzidi na maradhi yenyewe kurejea. Arudi kwa aliyemwandikia, kwani siku hizi zipo njia za kubadilisha dawa na zipo dawa za kupunguza mitikisiko hiyo.

Na tusisahau wazee wetu wanaotumia sinarizini kwa ajili ya kizunguzungu, mwezi baada ya mwezi, kwa kununua wenyewe dukani. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kumfanya mzee awe mzito, mkakamavu na mwenye kutetemeka mfano wa mwenye ugonjwa wa Parkinson. Baya zaidi ni pale anapopewa dawa ya pili ya kutibu madhara ya dawa ya kwanza, wakati lililotakiwa ni kuiacha ile ya kwanza kwa ushauri wa daktari.

Mkono wa mzee

Kutetemeka kwa wazee tumekuzoea mno hata tunakuita uzee. Uzee wenyewe hautetemeshi mtu kiasi hicho. Yapo maradhi mawili yanayochanganywa, na mtu wa kawaida anaweza kuyatofautisha kwa jicho.

La kwanza ni tetemeko la kurithi, ambalo hutokea mkono unapofanya kazi. Mzee akinyanyua kikombe cha chai, kinagonga meno. Akiuweka mkono chini, unatulia. Mara nyingi ni mikono yote miwili, wakati mwingine na kichwa na sauti, na ukiuliza utaambiwa baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Linasumbua lakini si ugonjwa wa kuua, na zipo dawa za bei nafuu, kama propranololi, zinazolipunguza. Mwenye pumu asiguse dawa hiyo.

La pili ni Parkinson. Hapa mkono unatetemeka ukiwa umepumzika. Mwangalie mzee aliyekaa tahiyatu, mikono juu ya mapaja: mkono mmoja, aghalabu mmoja kwanza, unacheza kama mtu anayehesabu tasbihi isiyokuwepo, na akiunyanyua kushika kitu unapungua. Pamoja na hayo hatua zinakuwa fupi, uso unakosa tabasamu, sauti inafifia, mwandiko unakuwa mdogo, kuinuka kutoka kwenye sijda kunakuwa kazi. Wengine miaka mingi kabla ya hapo walishapoteza uwezo wa kunusa na wakawa wanasumbuliwa na choo kigumu. Dalili zinapojitokeza wazi, nusu au zaidi ya chembe zinazotengeneza dopamini katika sehemu husika ya ubongo zimeshakufa.

Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, ndiyo ukapewa jina lake. Lakini tetemeko kama maradhi ya neva halikugunduliwa Ulaya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, analo katika Al-Qanun chini ya jina la ra'sha, akilitenganisha na mkakamao na kupooza. Nalitaja hili kwa sababu wapo ndugu zetu wanaodhani kwamba kumpeleka anayetetemeka hospitali ni kuacha ya Waislamu na kufuata ya wazungu.

Dunia nzima ilimshuhudia Muhammad Ali mwaka 1996 mjini Atlanta, akiuwasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono unaotetemeka. Aligundulika mwaka 1984, akiwa na miaka 42, na aliishi na maradhi hayo hadi alipofariki mwaka 2016. Wataalamu wamebishana kama ngumi ndizo zilizomletea au la. Kupigwa kichwani mara kwa mara kunajulikana kuharibu ubongo, lakini wagonjwa wengi wa Parkinson hawajawahi kuvaa glovu.

Hapa kwetu, utafiti uliofanywa wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2008 ulipita katika watu zaidi ya 160,000. Waliokutwa na Parkinson walizidi 30, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa majumbani mwao wakingoja kufa kwa "uzee", ilhali dawa yake, levodopa, imekuwa ikijulikana tangu miaka ya 1960. Haiponyi kabisa, lakini humwezesha mtu kutembea, kula kwa mkono wake na kwenda msikitini kwa miguu yake kwa miaka kadhaa.

La ajabu ni kwamba levodopa hiyo hiyo imo katika mbegu za upupu, mmea ule ule ambao watoto hurushiana na kuwashwa mpaka walie. Kinachowasha ni vinyweleo vya ganda lake, na mbegu ndiyo yenye dawa. Tabibu za India zimeitumia kwa tetemeko tangu zamani, na watafiti wa leo wamethibitisha kwamba inafanya kazi. Lakini asije mtu akaenda kusaga upupu nyuma ya nyumba. Kiasi cha dawa hutofautiana baina ya mbegu na mbegu, na kuzidisha huleta kutapika, kuona visivyokuwepo na hiyo hiyo mitikisiko tunayoizungumzia.

Mtoto anayevunja vikombe

Sasa tuje kwa jambo ambalo walimu wa shule na madrasa wanapaswa kulisoma mara mbili. Mtoto wa miaka tisa au kumi, aliyekuwa na mwandiko mzuri, anaanza kuharibu. Kalamu inamponyoka. Nyumbani anavunja vikombe. Anakunja uso, mabega yanaruka, mkono unakwenda alikokuwa hakuupeleka, analia na kucheka bila ya sababu. Akilala yote yanatulia. Mama anasema kadekezwa, mwalimu anasema ana kiburi, anachapwa. Akichapwa inazidi, kwa sababu hofu huongeza mitikisiko.

Ugonjwa huu ulielezwa na tabibu wa Kiingereza Thomas Sydenham mwaka 1686, na unafahamika kwa jina lake. Chanzo chake ni koo. Mtoto alipata maumivu ya koo ya bakteria, akapona au akaonekana kupona. Kinga ya mwili iliyotengenezwa kupambana na wale bakteria ikaugeukia ubongo, wiki kadhaa au hata miezi baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka lile koo. Wasichana hupatwa zaidi ya wavulana. Mitikisiko yenyewe kwa kawaida huisha katika miezi kadhaa. Lakini hapa ndipo palipo na hatari: kinga hiyo hiyo iliyougeukia ubongo huugeukia na moyo. Watoto wengi wenye mitikisiko hii milango ya moyo wao tayari imeguswa. Mtoto huyo anahitaji kupimwa moyo, na anahitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili koo lisirudi na moyo usiharibike zaidi. Aliyeishia kwa mganga mitikisiko ikamwisha, wazazi hushukuru. Miaka kumi baadaye binti huyo anabeba mimba ya kwanza, pumzi inambana, miguu inavimba, na hakuna anayeunganisha hayo na vikombe vilivyovunjika.

Si kila mtoto anayepepesa macho au kunyanyua mabega ana ugonjwa huo. Wengi wana vitendo vya kurudiarudia ambavyo huja na kuondoka, na dawa ya kwanza ni kuacha kumkaripia. Tofauti ni kwamba huyu anaweza kujizuia kwa muda mfupi na mwandiko wake hauharibiki.

Kwa watoto wachanga, lipo la manjano. Mtoto akiwa wa manjano katika siku za mwanzo na manjano ikapanda kupita kiasi, huingia kwenye ubongo na kuharibu zile breki tulizozitaja. Akikua, mikono na shingo vinajinyonganyonga maisha yake yote, wakati akili yake inaweza kuwa timamu kabisa. Watu wetu wa mwambao wengi wana upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu, na mtoto mwenye upungufu huo akivishwa nguo zilizowekwa pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia wadudu kabatini, damu yake inaweza kuvunjika na manjano kupanda ghafla. Nguo za mtoto zisiwekewe vidonge hivyo. Na manjano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au iliyofika viganjani na nyayoni, si ya kuotesha jua. Ni ya kukimbizwa hospitali.

Sumu, minyoo na sukari

Wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya mchanga na zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Moshi ule hauonekani sana lakini unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, hasira zinakuwa za karibu. Kuchomea jikoni, kama baadhi wanavyofanya, ni kuwalisha sumu hiyo mke na watoto.

Kuna jambo ambalo Waislamu wengi wanajidanganya nalo, nalo ni tegu wa nguruwe. Tunasema sisi hatuli nguruwe, hayatuhusu. Ukweli ni kwamba anayekula nyama hiyo bila ya kuiva hupata tegu tumboni. Lakini uvimbe wa tegu huyo kwenye ubongo, unaoleta kifafa au mkono mmoja kurukaruka, humpata yeyote aliyemeza mayai yatokanayo na kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia maji, mchicha usiooshwa au mikono ya mpishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligundulika huko New York Mayahudi washika dini, ambao nao hawagusi nguruwe, wakiwa na uvimbe huo kwenye ubongo, na chanzo kilichoonekana ni wasaidizi wa nyumbani wenye tegu. Maji na sabuni ndiyo kinga hapa. Jina la mnyama halimkingi mtu.

Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alikuta katika miaka ya 1960 watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka kama wanaosinzia, hasa wanapokula. Baadaye hali kama hiyo ilijitokeza Sudan Kusini na Uganda ya kaskazini. Ni aina ya kifafa, na inahusishwa na minyoo ya usubi wa mitoni, ile ile inayopofusha macho. Wanaogawa ivermektini vijijini hawaokoi macho peke yake.

Mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe kitu chenye sukari kwanza, maswali baadaye, maadamu anaweza kumeza. Na mzee wa kisukari ambaye ghafla mkono na mguu wa upande mmoja vinarushwa kwa nguvu, apimwe sukari siku hiyo hiyo: sukari iliyopanda sana huleta hali hiyo, na kiharusi pia huileta. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha vidole. Dawa ya pumu hutetemesha. Mlevi aliyeacha pombe ghafla hutetemeka, na huyo anaweza kufa asipoangaliwa.

Yapo pia ya ukoo. Ugonjwa wa Wilson huzuia mwili kutoa madini ya shaba, yakajaa kwenye ini na ubongo. Kijana anatetemeka, anaongea kwa kujikwaa, tabia inabadilika, macho yanakuwa ya manjano. Unatibika, hasa ukiwahiwa, lakini mtoto huupata pale tu anaporithi kasoro kwa baba na kwa mama, na hilo hutokea zaidi katika ndoa za binamu. Ndoa hizo ni halali na hakuna anayeziharamisha. Ila familia yenye mgonjwa mmoja ipime na ndugu zake, maana tiba ikianza kabla ya dalili, mtu huishi salama.

Je, majini hayapo?

Muislamu hakanushi kuwepo kwa majini. Lakini kuamini kitu kipo si sawa na kukituhumu kila saa. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa kudharau ruqya, aliugawa ugonjwa wa kuanguka katika mafungu mawili: unaotokana na roho chafu, na unaotokana na maumbile ya mwili, ambao akasema ni wa matabibu. Na yule bibi aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamikia kuanguka na kufunukwa, hakupigwa wala hakufungwa. Alisikilizwa, akaombewa stara. Anayesoma Qur'ani juu ya mgonjwa huku gari la kwenda hospitali likitafutwa, hajapoteza kitu. Tatizo ni kusoma badala ya kwenda, na kubwa zaidi ni fimbo.

Vile vile wapo ambao vipimo vyao vyote ni safi, na mitikisiko yao imeletwa na mfumo wa ubongo uliovurugwa na mshtuko au dhiki. Hawa hawaigizi. Kuwaambia wanajifanya ni dhuluma, na tiba yao ipo, ikiwemo mazoezi ya viungo na mazungumzo na mtaalamu.

Kwa wenye Parkinson, suala la Ramadhani lizungumzwe na daktari mapema, tangu Shaaban. Levodopa hunywewa mara kadhaa kwa siku, na kuikata ghafla kunaweza kumkakamaza mtu na kumletea homa kali ya hatari. Ruhusa ya mgonjwa kula inajulikana. Na hata siku za kawaida, dawa hii hufanya kazi vizuri ikimezwa kabla ya chakula, kwani nyama na maharage hushindana nayo kuingia mwilini.

Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC. Kwa hiyo unapopata nafasi ya kumwona, usiende mikono mitupu. Mrekodi mgonjwa kwa simu wakati mitikisiko inapotokea, kwani mara nyingi akifika mbele ya daktari imetulia: uso uonekane, mikono ikiwa imepumzika, mikono ikishika kikombe, na anavyotembea. Andika ilianza lini, upande gani, na kama inatulia akilala. Uliza nani mwingine katika ukoo alikuwa nayo. Kisha chukua mfuko, tia ndani kila dawa aliyotumia katika miezi sita, za dukani, za hospitali na za mganga, hata ile ya unga iliyofungwa kwenye gazeti, umwekee daktari mezani.